Msumari wa Dirishani

Fundi rangi, huo usiung'oe.
Najua umepinda. Najua kutu yake
imechora mstari wa kahawia mpaka sakafuni.
Zungusha brashi pembeni yake, taratibu,
kama mtu anayepita karibu na aliyelala.

Mwaka tulioanza tulikuwa wasichana kumi na mmoja
na saa moja: ya Mwalimu Hatsue,
imening'inia kifuani pake, kichwa chini.
Siku ya tatu ikanywa maji ya ziwa,
alipoinama kwenye kivuko cha Kamanga
kumdaka mtoto wa watu.
Hakusikitika, au hatukumwona.
Aliokota jiwe dogo kule Kirumba,
akalifunga kwa mshipi wa kuvulia,
mita moja kamili, akalitundika hapo.
"Rikienda, sekunde. Rikirudi, sekunde.
Mji wenu umejaa saa," akasema,
akatuonyesha miamba yote kule nje.

Vidole viwili juu ya mkono wa mwenzako.
Si gumba; gumba lina mapigo yake, litakudanganya.
Jiwe likipita mara thelathini, zidisha kwa mbili.
"Rudia."
Tukarudia.
"Rudia."
Mpaka Nyamizi wa Misungwi akatokwa machozi,
mpaka mimi nikaota nahesabu mapigo ya baba
naye yuko Magu, anapalilia pamba.

Kiswahili chake hakikuwa na l.
"Rara, mama, rara," alimwambia mgonjwa,
nasi tukabana vicheko kwenye aproni.
Bibi mmoja Mjita akafumbua jicho moja:
"Mwacheni. Huyu kwao ni Majita."

Mara moja tu alitusimulia mji wake,
ulivyoungua usiku mmoja,
yeye ana miaka kumi na sita na ndoo ya maji,
majeruhi wamejaa ukumbi wa shule.
"Sikujua nianze na nani," akasema.
Kisha akaturudisha kwenye kona za shuka.

Halafu ukaja mwaka wa kipindupindu.
Wavuvi waliletwa juu ya machela za magunia,
macho yamezama, ngozi ukiifinya hairudi.
Nyamizi alikuwa zamu, peke yake, na kibatari.
Asubuhi faili la mtoto wa kitanda cha sita
lilikuwa na mwandiko wake, umenyooka:
*Saa nane, mia na sitini.
Saa tisa, mia na themanini.
Daktari ameitwa. Hakuja.
Saa kumi, nahesabu, sipati.*

Daktari alitaka karatasi ile ichanwe.
Mwalimu alimfikia kwenye tai, basi,
na shingo hakuiinua kumtazama.
Aliweka kiganja juu ya faili.
"Karatasi hii ni ya mtoto."
Alisimama hivyo mpaka chai ikapoa,
mpaka wapishi wakaja mlangoni kuchungulia,
mpaka yule bwana akaondoka
na viatu vyake vikasikika ukumbi mzima.

Nyamizi alitaka kuacha. Alifunga sanduku lake.
Mwalimu hakumbembeleza.
Alimshika mkono, akatafuta mapigo,
akamwangalia jiwe likienda, likirudi,
dakika nzima, bila kuzidisha.
Sijui walisemezana nini baada ya hapo.
Sanduku lilirudi chini ya kitanda.

Aliondoka na treni, mvi zimemjaa,
mkononi michembe ya kutafuna njiani.
Jiwe lilipotea. Mshipi ulioza.
Sasa kila mwanafunzi wangu ana simu yenye saa,
na bado kuna usiku umeme unakatika
na chaji zimekwisha.

Unacheka, fundi? Weka nyundo chini.
Nipe hiyo kamba yako ya timazi,
tuipime mita, tuitundike hapo.
Haya, vidole viwili. Si gumba.
Umepata ngapi?
Sitini na nane? Mtu aliyepanda ngazi tangu asubuhi?

Rudia.